Matofali Yangu Chini ya Lipu

Basi wifi, ile lipu wameipiga. Ukuta wote wa kanisa, nje na ndani, mpaka upande wa mashariki kwenye matofali yangu. Kanisa si liko ng'ambo ya njia tu, nimekaa na kiti changu mlangoni naangalia mafundi wanarusha saruji, pwaa, pwaa. Kufika jioni sioni tofali hata moja.

Unayajua yale matofali. Nikishafyatua tofali, lingali bichi, nabonyeza kidole gumba pembeni, nikisema eti yasichanganyike na ya wamama wengine. Uongo. Nilitaka Mungu akipita ajue haya ni ya Mama Yoramu. Wewe ukapita na ndoo yako ya pombe ya ndizi ukauliza, "Wifi, kwani Mungu kasahau sura yako?" Siku mbili sikukusalimia.

Anayeandika hapa ni Mwalimu Zuhura, mpangaji wangu, Mwislamu wa Tanga. Yuko chumba kile cha nyuma ulichougulia. Anaandika kila kitu, nimemwambia kikohozi aache. Maharage mwaka huu yamekataa. Warundi wameanza kukimbia tena, mabasi yanawatoa mpakani Mabamba yanapita hapa Nyakitonto, watoto wamelala dirishani. Nilikuwa nasema nini? Tofali.

Siku yako ile ya mwisho umebaki mifupa. Mchungaji katoka kukubatiza kwa maji ya kikombe, maana hata kukaa huwezi. Ukanishika mkono ukaniuliza, "Wifi, mimi sina hata tofali moja. Atanipokea?"

Na mimi miaka yote ile udongo kichwani. Nikaona wivu, wifi. Nikakujibu, "Utajionea mwenyewe." Nikatoka kwenda kuangalia mbuzi. Mbuzi walikuwa wazima tu. Kurudi, umeshakwenda.

Sasa mimi nyonga imevunjika, nilianguka pale kisimani mvua za kwanza. Sibebi hata sufuria. Naogeshwa. Mchungaji akaniletea meza ya Bwana nyumbani, nikamwambia angoje, nipone kwanza, nifagie kanisa hata mara moja, ndipo nile. Akasema, "Mama, mkate huu haujawahi kuwa mshahara." Akakivunja kile kipande cha mkate akaniwekea mdomoni kama mtoto. Nikatafuna. Mimi, wifi. Ungecheka.

Ndiyo maana juzi lipu haikuniuma. Ukuta umesimama, mweupe, hakuna anayeuliza nani alifyatua.

Basi jibu lako hili hapa, limechelewa. Anapokea. Kwa neema tu, bila tofali, wewe na mimi sawasawa. Uliniomba neno la bure nikakunyima, na mimi mwenyewe nakula cha bure kila siku. Nisamehe.

Nimeshamwambia Yoramu, siku watakayosoma wasifu wangu pale kaburini, matofali yasitajwe. Wasome kwamba alikuwa na mdomo mrefu, akahurumiwa. Na kila mgonjwa atakayeniuliza ulichoniuliza nitamjibu hapohapo, mbuzi watajiangalia. Hilo nakuahidi. Wewe pumzika, wifi yangu.

Hao wananiita. Leo ndiyo kanisa linafunguliwa, wamama wamekuja kunivusha na kiti. Kila mmoja ana kapu la sadaka, kuku, maboga. Wanauliza la kwangu liko wapi, walibebe.

Sina. Nakuja hivihivi.

Mwalimu, acha hapo, nishikie fimbo.