Mabomba ya Wadi Mpya

Jumatatu, 7 Juni
Sinki ya jirani, kisha choo cha shule. Nikirudi Makongeni nikapitia hospitali yetu ya mtaa. Wadi mpya ya Korona imefunguliwa. Vitanda kumi na viwili, na juu ya kila kitanda tundu la oksijeni ukutani. Pesa ni za serikali ya kaunti, kibao kinasema. Mimi ni fundi bomba. Nikiona bomba lazima nijue linatoka wapi.

Jumatano, 9 Juni
Nimezunguka nyuma ya wadi. Bomba la shaba linapita dirisha la chumba cha kufulia, linakata kona, linaishia kwenye kifuniko. Hakuna tangi la oksijeni. Hata msingi wa tangi haujachimbwa. Nilisimama pale kama mjinga. Nani huanza na matundu?

Jumamosi, 12 Juni
Mama hapumui vizuri. Amelazwa kitanda cha nne. Naogopa.

Jumapili, 13 Juni
Mtungi wa oksijeni ni mmoja, una magurudumu. Sista Njeri, muuguzi wa wadi, anausukuma kutoka kitanda hadi kitanda. Mpira wa kumpa Mama hewa umepitia nyuma ya mto, kwa hivyo anadhani hewa inatoka ukutani. Ameniuliza kama imeunganishwa vizuri. Nikasema ndiyo. Uongo mtupu, lakini alitulia.

Nikamuuliza Sista tangi liko wapi.

"Baba, hata sisi tunauliza tu hivyo. Ukijua, utuambie."

Jumanne, 22 Juni
Mama yuko nyumbani! Anakula ugali na kunigombeza. Mzee wa kitanda cha tano hakurudi kwao. Alipozidiwa, mtungi ulikuwa kwa Mama. Nafurahi na naona haya kufurahi.

Alhamisi, 1 Julai
Mama anausifu ule ukuta mtaa mzima. Sasa mheshimiwa wetu wa kaunti amemwomba atoe ushuhuda kanisani Jumapili, yeye akiwepo na watu wake wa kamera. Nina hasira. Nyingi ni juu yangu mwenyewe.

Jumamosi, 3 Julai
Nimemshika Mama mkono, tukaenda hospitali, tukazunguka nyuma polepole. Nikamwonyesha kifuniko. Nikamweleza habari za mtungi, na za yule mzee. Akakigusa kwa kidole. 

"Barasa, kesho kanisani ukae karibu na mimi. Nikisahau mahali bomba linaishia, unikumbushe."

Tumerudi. Amepiga pasi kitambaa chake cha kichwa.