Miti Arobaini na Mitatu Isiyofungwa Kitambaa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mama Kitalu, ndilo analojulikana nalo. Umri: miaka 52. Kazi: mkulima, na mwenyekiti wa kikundi cha kurudisha msitu. Makazi: nyumba ya tatu kutoka kisimani.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, yuko mahabusu hapa tangu jana kwa kukata miti arobaini na mitatu ya kikundi chetu. Aliikata yeye. Kosa ni langu.

Kikundi kina miaka saba. Kilima kilikuwa kipara kabisa. Hatukupanda sana, tulilinda machipukizi ya visiki vya zamani. Kila kiangazi, miti ikishapukutisha majani, nafunga kitambaa chekundu kwenye mti wa kubakizwa. Usio na kitambaa unakatwa, uwe mkavu au unambana mwenzake. Mwaka huu miti mizuri imekuwa mingi, Mungu ashukuriwe, na vitambaa visingetosha. Nikaamua tugeuze, tufunge ile ya kukatwa.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, saa 10:00 jioni, niliwatangazia wanakikundi kwenye banda la kitalu. Shemeji hakuwepo, alikuwa amempeleka mkewe zahanati. Katibu akaniambia nimjulishe, maana ua wetu ni mmoja. Nikasema sawa.

Sikumwambia. Afande, naona umeandika nilisahau. Futa, andika sikutaka. Miezi miwili iliyopita nilifukuza mbuzi wake sita waliokuwa wanatafuna machipukizi, naye akaniita mke wa miti mbele za watu. Tangu hapo tunapishana uani kama hatujuani, hata chumvi tunaombana kupitia watoto. Nilisema moyoni, atajua mwenyewe akifika.

Tarehe 12, saa 12:30 asubuhi, aliwahi zamu yake peke yake. Ni mchapakazi yule, hilo simnyimi. Nilipofika na wenzangu saa 4:15, miti hai ilikuwa chini na yenye vitambaa imesimama. Miti ya miaka saba, afande. Nililia. Katibu akasema ni kisasi cha mbuzi, kikulacho ki nguoni mwako. Shemeji akajibu, "Nimekata kama tulivyokata mwaka jana. Muulizeni shemeji."

Wote wakanigeukia. Nikanyamaza. Nikawaacha wamlete hapa, nikarudi nyumbani kupika. Mkewe akaja kuniomba kiberiti huku analia, nikampa.

Wenzangu wakinivua uenyekiti, sawa. Lakini mtu hatalala ndani siku ya pili kwa ajili ya kununa kwangu. Visiki vile vikikatwa upya mshazari wiki hii, mvua ikinyesha vitachipua. Itabidi tuanze tena, na nataka nianze na shemeji. Akikataa, nitaanza peke yangu.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimeyasema bila kushurutishwa na mtu.

Sahihi ya shahidi: ................

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika tarehe 13, kuanzia saa 3:05 hadi saa 4:00 asubuhi, nikamsomea shahidi, akakubali kuwa ni sahihi. Nimemjulisha kwamba anaweza kwenda nyumbani. Amekataa. Amekaa kwenye benchi la mapokezi, anasema anamsubiri shemeji yake.