Uwanja wa Mzee Sadala

Sindeni, Handeni
3/6/2023

Mwanangu Mwaija,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ni mgongo tu. Kifua chako kinaendeleaje huko Korogwe? Simu siwezi, masikio yamekataa, basi barua nampa Twaha wa basi.

Umesema Idi hii unakuja, baada ya miaka mitano. Basi babako kazi kafanya! Ule msitu wa maua ya njano uliouacha karibu na jiko nimeung'oa wote, nikachoma, nikasawazisha. Siku mbili, peke yangu, na miaka sabini na sita hii. Ua haliliwi, linafuga nyoka tu. Sasa ukidondosha sindano unaiokota. Handeni nzima nani ana uwanja kama huu?

Babako, Sadala

Korogwe
9/6/2023

Shikamoo baba,

Kifua hakijambo. Baba, chini ya yale maua alilala mwanangu. Yule aliyezaliwa hana pumzi, wakati ulipokuwa umehamia kwa kaka Hussein kule Magoma, ukasema usiitwe babu wa mtoto asiye na baba. Mama alimzika bila jiwe, usije ukajua. Nikapanda maua mafupi yafunike pale, mtu asimkanyage. Alama ilikuwa hayo maua tu, na mama naye hayupo tena wa kutuonyesha.

Niambie kuna hata shina moja lililobaki.

Mwanao, Mwaija

Sindeni
14/6/2023

Mwaija,

Salamu. Kwanza, mimi nani aliniambia? Pili, jembe langu haliachi shina, wewe unalijua.

Tangu asubuhi nazunguka na fimbo, nachoma hapa, nachoma pale. Udongo wote sawasawa. Nilisawazisha vizuri mno.

Njoo tu unionyeshe.

Babako

Sindeni
2/2/2024

Mwanangu Mwaija,

Salamu. Kifua je? Idi ilipita hukuja. Twaha anasema barua zangu unazipokea, unamshukuru, humpi kitu cha kuleta.

Vipando vya maua yale yale nilivipata kwa Evodia, Mnyuzi. Nikapanda karibu na jiko. Kisha nikawaza, na kama alikuwa mbele kidogo? Nikaongeza. Na kama ni kule kando? Nimefika mpaka mlangoni. Tawi likilala chini nalifukia, linatoa mizizi, linasonga. Jirani Mustafa ananicheka, "Mzee Sadala, leo umeshindwa na majani?" Nikamwambia pita nyuma. Hata mimi napita nyuma. Fagio nimelitia motoni.

Sasa yamechanua yote. Handeni nzima hakuna uwanja kama huu. Popote alipo, hakanyagwi.

Jina lake hukuniambia. Ulimwita nani?

Babu yake,
Sadala