Kwa Baba Yetu Kinyozi, Ambaye Hakutukimbia

Baba, leo unatimia mwaka mmoja tangu tupate habari kwamba umekufa. Kufa kwenyewe ulikufa miaka arobaini na minne iliyopita, ndani ya meli, pamoja na mateka wenzako wa vita. Siku zote hizo sisi tulikuwa tumekununia.

Utuwie radhi. Tuliambiwa uko hai. Vita vilipokwisha na wewe hujarudi, mwenye duka la pembeni aliapa kwamba amekuona mji mwingine, umenenepa, unatembea na mke na watoto. Alikuona kwa nyuma. Na kwa nyuma, mwanamume yeyote mwenye kipara angeweza kuwa wewe.

Mama aliamini. Hakulia mbele yetu hata siku moja. Kiti chako cha kunyolea alikifanya cha kuwekea beseni, akafua nguo za watu mpaka vidole vikakakamaa, akatusomesha. Kaka alipowaambia wenzake shuleni kwamba baba yake amekufa, Mama alimchapa kwa kusema uongo. Baba, mtoto alikuwa anasema kweli.

Tuliyoyajua juu yako tulisimuliwa na Shangazi, dada yako, Mama akiwa hayupo. Kwamba wateja walikutania, kinyozi gani mwenyewe hana hata unywele mmoja, nawe ukawajibu kwamba zako umewagawia wao. Kwamba wagonjwa uliwafuata majumbani, ukawanyoa kitandani, ukitandika gazeti kwanza ili shuka zisichafuke. Kwamba mtoto akihangaika kitini ulimshika sikio kwa vidole viwili, polepole, ukamwambia, "Tulia bwana, sikio halina spea."

Mwaka jana Shangazi alisikia redioni kwamba kuna filamu ya mateka waliozama, itaoneshwa kwenye ukumbi wa maktaba, kisha majina yasomwe. Kaka alikataa kwenda. Mimi binti yako nilikwenda kwa sababu ya miguu ya Shangazi tu, asije akaanguka kwenye ngazi.

Katika filamu akatokea mzee mmoja aliyeokoka, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Alisema:

"Walitudanganya kwamba wanaturudisha kwetu. Basi mle chini melini tulikuwa na kinyozi, mwenyewe kipara kitupu. Akasema hakubali mke wa mtu afungue mlango akutane na kichaka. Alitunyoa siku mbili nzima, wembe butu, maji ya kunyolea hakuna. Ukitikisika anakwambia, 'Tulia bwana, sikio halina spea.' Nikamuuliza, na wewe ndevu zako je? Akasema, 'Mimi wa mwisho.' Walioipiga meli hawakujua kwamba ndani mna mateka. Ilipopigwa, yeye alikuwa bado hajajinyoa."

Shangazi akasimama gizani. "Kaka yangu huyo! Huyo kaka yangu!" Mtu wa nyuma akamwomba akae, hawaoni. "Na mimi ndiyo kwanza naona," akamjibu, na hakukaa mpaka taa zilipowashwa. Jina lako lilisomwa la kumi na tisa.

Furaha haikuwepo, Baba, tusikudanganye. Mama alikuwa ameshafariki, miaka mitatu kabla. Neno lake la mwisho kwetu lilikuwa wosia: "Akitokea yule mwanamume, msimwoneshe kaburi langu." Tukaahidi.

Na wewe huna kaburi. Shangazi akataka jina lako lichongwe kwenye jiwe la Mama. Kaka akasema wosia ni wosia, Mama ndiye aliyetulea. "Angelijua, angesema hivyo?" Shangazi akauliza. "Lakini hakujua," Kaka akajibu, na kwa miezi minane hawakusalimiana. Mimi nikawa nabeba maneno huku na huku kama tarishi, na kila nyumba ninayoingia nakuta mtu analia.

Kisha Kaka, bila kutuaga, alifunga safari kwenda kwa yule mzee wa kwenye filamu. Alishinda kwake kutwa. Aliporudi alisema maneno mawili tu: "Fundi aje." Jiwe lilichongwa wiki iliyopita. Kaka alimshikia fundi rula, mistari isipinde.

Leo alasiri filamu inaoneshwa tena ukumbini palepale, na majina yatasomwa. Lako likitajwa tutasimama sote.

Mama, nawe tusamehe, wosia wako tumeuvunja. Msogelee. Hakukukimbia. Alidhani yuko njiani kuja kwako.

Unakumbukwa na mwanao wa kiume, aliyechapwa bure, binti yako, dada yako, ambaye hakukutilia shaka hata siku moja, mkweo, na wajukuu zako watano, mmoja ameshaanza kupata kipara na anatamba nacho.

Baba, hatutakusahau tena.