Sabuni Haisubiri Wageni

Jumatatu, 4 mwezi wa tatu

Nimekoroga pipa moja tu la sabuni leo. Bega la kuume limekataa la pili. Mafuta ya mawese yalifika jana kutoka Bunyakiri, mekundu, mazito, na nimeyaacha yakae. Muuguzi aliniambia nipumzike. Nipumzike, akoroge nani? Ukishatia soda kali kwenye mafuta, sabuni haikungoji. Ukiacha katikati mafuta yanajitenga na maji, pipa zima limeharibika.

Mume wangu, Papa Deo, karudi kutoka mjini na habari. Ofisi ya mji inayosaidia wafanyabiashara wadogo imepokea ombi letu. Nasema letu, lakini sabuni ni yangu. Yeye ni mwalimu mstaafu, anangoja pensheni yake kama wenzake wote. Watakaochaguliwa hawapewi pesa, wanapewa vifaa. Nimeomba kitu kimoja: mashine ya kukorogea. Nikiipata nitafanya kazi hii mpaka uzee. Nisipoipata nitafunga mwaka huu. Hilo sijamwambia mtu.

Jumapili, 10 mwezi wa tatu

Simu baada ya misa. Wageni wa ofisi watakuja Jumatano kuangalia kazi yetu. Papa Deo hakumaliza hata chai. Tangu anioe, mgeni akija, mapipa yanafichwa. Mkuu wa shule akija, mapipa yanafichwa. Padri akija, vivyo hivyo. Mwalimu hawezi kupokea watu katika harufu ya mawese.

Jumanne, 12 mwezi wa tatu

Sikukoroga jana wala leo. Tumesugua sakafu mpaka saruji ikatoa rangi niliyokuwa nimeisahau. Mapipa yamehamia kwa shemeji yangu, mtaa wa Muhumba, kwa mkokoteni, mimi nikisukuma kwa bega zima. Vibao vya kugandishia viko chini ya kitanda. Viti vya plastiki tumeazima parokiani. Nimepiga pasi kitenge cha sikukuu. Nimechoka kuliko siku ya kazi, na kazi haijafanyika.

Jumatano, 13 mwezi wa tatu

Wamekuja watatu. Kijana mmoja wa ofisi anaitwa Patient, mwanamke mwenye miwani, na mzee mmoja mpole. Waliketi sebuleni. Papa Deo aliwakaribisha kwa Kifaransa chake cha darasani. Walikula ugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wakanywa Fanta, wakasifu mchuzi. Sabuni nilizipanga juu ya kitambaa cha kufuma, zimefungwa kwa karatasi, kama vile zawadi za arusi.

Kisha yule mama wa miwani akaniuliza kwa upole kabisa:

"Sabuni tunaiona, maman. Sasa kazi iko wapi?"

Papa Deo akacheka, akasema tumepanga vizuri kwa heshima yao. Wakaenda nyuma. Wakakuta sakafu safi na ukuta uliopakwa chokaa. Patient akachungulia kila kona. Hata ndoo ya soda haikuwepo. Wakatushukuru sana. Papa Deo amelala na furaha. Mimi hapana.

Alhamisi, 14 mwezi wa tatu

Mapipa yamerudi. Mkokoteni uleule.

Jumanne, 26 mwezi wa tatu

Hatukuchaguliwa. Sababu waliyotoa: kazi haikuonekana mahali pale.

Aliyechaguliwa mtaani kwetu ni Maman Faida, anayetengeneza juisi ya matunda ya marakuja. Wageni walimkuta kavaa kanga kuukuu, maganda mpaka magotini, nzi kila mahali. Hakuwa hata na kiti cha kuwapa. Wawili walisimama, mmoja alikalia kreti. Aliniambia mwenyewe kwamba siku ile alilia kwa aibu walipoondoka. Sasa anapewa friji.

Nimemchukia leo mchana kutwa. Jioni nikamchukia Papa Deo. Hapo nikaona angalau hasira imefika mahali pake.

Jumatano, 27 mwezi wa tatu

Nimepanda hadi ofisini peke yangu. Patient alinipokea vizuri. Alisema watu wengi mjini wamefanya kama sisi, mmoja hata alificha cherehani zake zote akawaonyesha makochi. Hakusema kwa dharau. Akaniambia naweza kuomba nitembelewe tena, ila mara hii hawatapiga simu kwanza. Watakuja siku yoyote, kabla ya sikukuu ya wafanyakazi. Wakikuta kazi, wataandika kazi. Nikaomba hapohapo.

Niliporudi nilimwambia Papa Deo kwamba mapipa hayasogei tena hata akija askofu.  Alienda kusikiliza redio.

Jumanne, 2 mwezi wa nne

Binti yetu Nsimire amejifungua huko Kavumu. Msichana. Mama na mtoto wazima, Mungu asifiwe.

Ni binti yetu wa pekee na huu ni uzazi wake wa kwanza. Mimi ndiye wa kumkanda, kumpikia uji, kumshikia mtoto alale. Kila mama hufanya hivyo. Nimemwambia nitakuja baada ya ile ziara.  Akasema mama mkwe wake yupo. Najua alichotaka kunijulisha.

Jumatatu, 8 mwezi wa nne

Nakoroga kila siku ili nikutwe nakoroga. Zamani nilikuwa nakoroga siku mbili, napumzika moja. Sasa nagawa mafuta kidogo kidogo yasiishe kabla hawajafika, maana mvua imekata barabara ya Bunyakiri na lori haliji. Gari likisimama nje nashika mwiko. Leo lilikuwa la muuza makaa.

Bega linawaka mpaka shingoni. Sivai nguo bila kusaidiwa. Papa Deo ananifunga vifungo.

Jumamosi, 13 mwezi wa nne

Hawajaja. Nsimire hapigi simu tena. Nimeona picha ya mtoto kwenye simu ya jirani.

Jumatano, 17 mwezi wa nne

Hawajaja. Nimewatukana kimoyomoyo, halafu nikaomba msamaha, halafu nikawatukana tena. Papa Deo kauliza kama nisingeenda Kavumu hata Jumapili moja. Nikamuuliza wakija Jumapili hiyo atawaonyesha nini. Sakafu?

Ijumaa, 19 mwezi wa nne

Wamekuja.

Niandike taratibu. Mkono huu unaandika kwa shida.

Nilikuwa nimemaliza kumimina soda. Mchanganyiko umeanza kuwa mzito, ndiyo saa mbaya kuliko zote, usipumue wala usigeuke. Bega likafunga. Si maumivu tu, mkono wenyewe haukusogea tena. Nikajaribu wa kushoto, mwiko ukanitoka. Nikamwita Papa Deo. Sikumbuki nilimwitaje.

Alikuwa amevaa koti, anajiandaa kwenda kwenye mkutano wa wastaafu. Alitazama pipa. Alinitazama mimi. Akavua koti akalitundika kwenye msumari, akashika mwiko. Tangu tuoane hajawahi kuushika. Alikoroga kama mtu anayesukuma mashua matopeni. Nikamwambia azunguke upande mmoja tu, asibadilishe. Akazunguka. Jasho likamtiririka mpaka kwenye miwani.

Hapo ndipo niliposikia hodi. Patient na yule mama wa miwani.

Nilijua atauacha mwiko. Miaka yote hii, mgeni akipiga hodi, yeye huwa wa kwanza mlangoni na shati limenyooka. Hakuuacha. Shati lilikuwa limelowa, mikono myekundu kwa mawese mpaka viwikoni. Akawaambia bila kugeuka:

"Munisamehe. Siwezi kuacha. Nikiacha, inaharibika."

Walisimama wakatazama mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nimeketi chini, nimeshika mkono wangu, sikuweza kuinuka kuwapa hata maji. Wakaona pipa, wakaona soda, wakaona vibao. Patient akapiga picha. Tulipomimina, sabuni ilishika vizuri. Si nzuri kama yangu. Imeshika.

Walipoondoka aliosha mikono muda mrefu. Nililia jikoni, sitaki kujua kwa sababu gani.

Alhamisi, 2 mwezi wa tano

Tumechaguliwa.

Simu ilimjia Papa Deo tukiwa mezani. Ilikuwa na sauti kubwa, nilisikia kila kitu. Wanampongeza mwenye kiwanda cha sabuni, Mwalimu Deogratias, kwa jinsi walivyomkuta kazini kwa mikono yake. Mashine itatoka wiki ijayo kwa jina lake. Mke wake pia aliyekuwepo, wanamsalimu.

Miaka yangu yote mle kwenye mapipa. Wanamsalimu.

Nilifikiri upesi. Nilifikiri: nyamaza, mwanamke. Mashine haijali jina. Iingie kwanza nyumbani. Nikamfanyia ishara anyamaze. Aliiona, nina hakika aliiona.

"Hapana," akasema. "Mumekosea. Patron, mwenye kazi, ni bibi yangu huyu. Miye siku ile nilikuwa namusaidia tu."

 Upande wa pili Patient akaeleza kwamba basi jina lazima libadilishwe, na tume inayochagua lazima ikae tena, na hawezi kusema lini, wala hawezi kuahidi. Papa Deo akasema sawa. Akaweka simu, akaendelea kula.

Ijumaa, 3 mwezi wa tano

Nina hasira. Hakuniuliza. Kuficha mapipa hakuniuliza, kunirudishia jina langu hakuniuliza. Nimemwambia hivyo asubuhi, kwa sauti ambayo Maman Faida ameisikia ng'ambo ya ukuta. Nimemwambia ningeweza kuishi bila jina, bila mkono siwezi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema mashine ile ingekuja kwa jina lake, kila mgeni angempongeza yeye, na baada ya miaka miwili hata yeye mwenyewe angeanza kuamini.  Hasira imebaki lakini haina pa kukaa.

Jumatatu, 6 mwezi wa tano

Lori la Bunyakiri limepita. Mafuta yapo. Papa Deo kakoroga pipa moja, mimi nimekaa kwenye kiti nikimwelekeza. Mkuu wake wa zamani wa shule alipita kumsalimu. Alipewa kiti palepale, katikati ya mapipa. Walizungumza habari za pensheni. Nilichoka hata kushangaa.

Jumapili, 12 mwezi wa tano

Kavumu. Nilifika juzi.

Nsimire alinipokea kwa salamu fupi. Jana jioni akaniacha nimwogeshe mtoto, kwa mkono wa kushoto, yeye akishika kichwa. Leo ameketi karibu nami. Hatujaongea lile jambo na huenda hatutaongea.

Mtoto ana nywele nyingi. Analala sana. Nami nimelala mchana, jambo nisilolijua.

Ofisi haijasema kitu. Mashine inaweza kuja, inaweza isije. Bega bado.

Baada ya chakula Papa Deo kapiga simu. Kumbe hakwenda misa ya pili, ameanza pipa peke yake kwa sababu wateja wa Jumatatu wanasubiri. Alikuwa anahema.

"Maman, iko nzito sasa. Niache?"

Nikamuuliza akiinua mwiko, unaacha mstari juu ya sabuni au mstari unazama. Akasema unazama. Nikamwambia bado, azunguke upande uleule, asibadilishe. Hakukata simu, nadhani aliiweka kando ya pipa. Nikawa nasikia mwiko ukigonga pipa. Nsimire akauliza ni nani. Nikasema baba yako, yuko kazini.