Mlimwita Ikupa Aje Kuwapikia

Minneapolis, 9 Februari 1996

Kaka Ambakisye,

Msalimie shemeji. Baridi ya huku imenipasua vidole. Kutwa nafua mashuka ya hospitali pamoja na Mtibeti mmoja, Wangdu.

Amenisimulia habari za jemadari wao wa kale, Gar Trinring. Alimpigania mfalme karibu miaka thelathini, akawashinda Wachina. Akiwa mbali, mfalme akawaita watu wa ukoo wa jemadari kuwinda. Kumbe wanaowindwa ni wao. Wakauawa zaidi ya elfu mbili. Kisha askari wa jemadari wakamkimbia, naye akajiua.

"Kwako umemwacha nani?" Wangdu akaniuliza.

"Kaka yangu."

Akacheka. "Lala salama, jemadari!"

Wiki hiyohiyo nikapata barua ya mke wangu, Ikupa. Mlimwita aje kuwapikia wazee wa kikao cha ukoo. Akiwa anawapakulia, mwanao akabadilisha kufuli la nyumba niliyoijenga mimi. Mkala, mkanawa, ndipo mkamwambia arudi kwao!

Mimi sitajiua, Kaka. Nashuka Tukuyu kabla ya Pasaka. Nisipomkuta Ikupa ndani, usinitegemee kukuamkia.

Mwenye nyumba,
Asajile