Ukuta Uliouita Urembo

Rupert, bwana mkubwa,

Huku mvua tu, na bata wa jirani wamehamia kwenye mazizi ya farasi.

Lile fundi lako limeshabomoa ukuta wa mbele wa nyumba yetu ya wageni, kwa amri yako, eti matofali ni urembo wa juzi, nyuma yake kuna nguzo za mwaloni za kale, watalii watazipenda. Hongera, msomi! Nguzo hakuna. Mababu walizikata walipojenga ukuta wa matofali, na matofali ndiyo yaliyoibeba nyumba.

Sasa chumba cha juu ya lango la magari kimeinama, na Mama kagoma kushuka. "Nyumba haina kosa," anasema. "Kosa langu mimi niliyemzaa."

Njoo umtoe. Hutahitaji kupiga hodi. Kitanda chake kinaonekana toka barabarani.

Dada yako,
Hester